Siku Tulipoizima Tovuti ya Mji

Mmeniaga kwa keki, doti ya kanga na kiti cha kuegemea, eti nikapumzike. Kiti nimekikalia, kupumzika kumenishinda. Ndiyo maana nawaandikia ninyi mnaobaki na tovuti ya mji wetu, kabla sijaanza kusahau na kutia chumvi. Habari za vyeo na mshahara sitaziandika. Vyeo havikuwapo, na mshahara haukuwa na maelezo marefu.

Nilianza kazi nikiwa mpiga chapa kwenye steshenari ya Bwana Nassoro, pale Mazwi, hapa Sumbawanga. Bwana Nassoro alikuwa mtoto wa ukoo wa maduka na malori, lakini yeye alipenda mashine kuliko bidhaa. Ndugu zake walimwona kama mtu aliyepotea njia. Siku moja alirudi kutoka safari na kompyuta mbili na kidude cha kuunganisha intaneti, akanitoa kwenye taipureta yangu na kuniambia, "Dada Redempta, leo tunafungua duka lisilo na mlango." Nilidhani amechoka na safari.

Aliandika ukurasa mmoja. Jina la mji wetu juu, chini yake maneno machache kuhusu Ufipa, mahindi, ulezi na baridi yetu. Akabonyeza, akasubiri, akanywa chai yote, ukurasa bado unapanda. Ulipopanda alimpigia simu kaka yake aliyekuwa Dar es Salaam, akamwambia afungue kule aliko. Kisha akanipa simu nisikilize. Yule mtu akaanza kunisomea maneno niliyoyaona yakiandikwa mbele yangu asubuhi ile, moja baada ya jingine, mpaka lile kosa la herufi kwenye neno "nyanda". Nilishika meza. Nimefanya kazi hii mpaka nywele zimegeuka rangi, na sijawahi kuzoea jambo hilo. Ninyi mmezaliwa mkalikuta, mnaliona la kawaida kama maji ya bomba. Nawaonea huruma kidogo.

Zana zetu zilikuwa duni, nazo zilikuwa na tabia. Umeme wetu wa miaka ile ulikuja kutoka Zambia, kwa hiyo mtu akikosea swichi huko ng'ambo, sisi huku tunapoteza kazi ya asubuhi nzima. Hapo ndipo nilipojifunza kuhifadhi kila baada ya sentensi, na kwamba nakala iliyo ndani ya kompyuta ileile si nakala. Andikeni hilo ukutani. Bwana Nassoro yeye alikuwa na kanuni zake alizozitoa dukani kwa baba yake. Usiweke hewani kitu ambacho usingethubutu kukisema kwa sauti sokoni. Mteja akilalamika, msikilize kwanza, hata kama hana akili. Na kanuni kubwa kuliko zote: duka halifungwi mchana ila kwa msiba. Alikuwa mkali kweli juu ya hiyo. Tovuti ikizimika mchana hata kwa bahati mbaya, alitembea huku na huko kama mtu aliyefiwa.

Kesi ngumu ya kwanza ililetwa na Mzee Ferdinandi, katekista mstaafu. Tulimwalika aje aione tovuti kabla hatujaitangaza. Alikaa mbele ya kioo, kofia magotini, akatazama kwa muda mrefu.

"Ni nzuri," alisema. "Lakini mbona haisalimii?"

"Haisalimii vipi, Mzee?"

"Mimi nimeingia. Nimekuta inanieleza bei ya maharage. Hata karibu sijaambiwa, hata habari za nyumbani sijaulizwa. Huyu ni mtoto wa nani?"

Bwana Nassoro alitaka kucheka, akanitazama, akaacha. Wiki hiyo tulijenga ukurasa wa salamu. Mtu akiingia anakaribishwa, anaulizwa habari za huko atokako, na chini yake pana nafasi ya kujibu. Wataalamu waliokuja baadaye kutoka mijini walituambia ukurasa ule unachelewesha wageni. Sisi tukawaambia ndiyo, salamu huchelewesha. Basi watu walisalimia! Wafipa walioko Mbeya, Dar, Kasama, Lusaka, wengine kwenye nchi za theluji, kila asubuhi wanabisha hodi. Wapo ambao hawakuwahi kusoma habari hata moja. Walikuja kusalimia tu, wakaenda zao.

Kuna waliotufundisha kazi bila kujua. Kina mama wa kikundi kimoja cha kilimo karibu na Kaengesa walikataa picha niliyowapiga shambani, wakiwa wanapanda kwenye intumba, yale matuta yetu ya mviringo ya nyasi zilizofukiwa. Walitaka wapigwe upya wakiwa na vitenge vya kanisani, viatu miguuni, majembe mikononi. Nikawaambia hakuna mtu anayelima hivyo. Mwenyekiti wao akanijibu, "Mama, hapo tunalima au tunaonwa na dunia?" Nikapiga upya. Tangu hapo sikuweka sura ya mtu hewani kabla hajaiona mwenyewe, na nanyi msiweke.

Bwana Nassoro alipohamia Mbeya kwa wanawe, aliniachia tovuti, funguo na zile kanuni. Watu wakaanza kuniita Mama Tovuti. Ukurasa wa salamu uliendelea kukua, na pembeni yake ukurasa wa matangazo: ng'ombe waliopotea, mikutano ya wazazi, harusi, na misiba. Misiba ndiyo iliyosomwa kuliko vyote. Mtu wa kwetu aliye mbali anaweza kukosa harusi, lakini msiba akiukosa hajisamehe.

Sasa niwaambie kuhusu siku ile ambayo baadhi yenu mmeisikia vipandevipande.

Ilikuwa asubuhi ya kipupwe, upepo unapita chini ya mlango kama una funguo zake. Akaja Mzee Dismas kwa baiskeli kutoka vijiji vya upande wa Kaengesa. Dada yake, Mama Kristina, alikuwa amefariki alfajiri nyumbani kwake baada ya kuugua muda mrefu. Nilimpa pole, nikampa kiti. Alileta picha ya marehemu na maneno ya tangazo. Nikamuuliza swali tunalouliza siku zote, "Mzee, ndugu wote wana habari?"

"Wote."

Nikaweka tangazo hewani. Muda si mrefu rambirambi zikaanza kuingia. Mzee Dismas alitaka kuziona. Nikamgeuzia kioo, akawa anasoma majina kwa kidole, na kwa kila jina anapiga makofi ya taratibu, yale ya kumheshimu mtu, kana kwamba kila mmoja ameingia mlangoni. Nilimchemshia chai. Ndipo simu yake ikaita. Masikio yake ni mazito, kwa hiyo aliweka sauti ya nje.

"Mjomba, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Napanda gari hapa Mbala, nakuja. Mama anaendeleaje?"

Mzee Dismas alifumba macho. "Mama yupo. Amepumzika kidogo. Wewe njoo tu, mwanangu, usiwe na haraka."

"Sawa, mjomba. Nakuja."

Alipokata simu nilikuwa nimesimama na birika mkononi.

"Mzee, huyo ni nani?"

"Skolastika. Mtoto wa marehemu, wa pekee. Ameolewa Mbala, ana mtoto wa kubebwa mgongoni. Hatujamwambia, tumemwita aje kumwona mgonjwa tu."

"Si umesema wote wana habari?"

"Wote wanaopaswa kuwa nayo. Yeye ataambiwa akifika. Mumewe anajua, ameapa kufunga mdomo, anatafuta ruhusa kazini atamfuata kesho."

"Ana simu ya intaneti?"

"Anayo, kubwa. Lakini Mama Tovuti, yuko Zambia! Tangazo la Sumbawanga linasomwa Sumbawanga."

Msimcheke. Mzee huyu alijua ubao wa matangazo pale sokoni, na ubao ule hausomwi ila na aliyesimama mbele yake. Mimi nilichojua ni kibaya zaidi. Jina la Skolastika wa Mbala nililijua vizuri. Sikuwahi kuiona sura yake, lakini hakuna asubuhi aliyoacha kubisha hodi kwenye ukurasa wa salamu.

Nilimweleza hivyo, na mzee alipoelewa, chai ilimwagika kwenye suruali na hakuifuta. Akaniambia kilichokuwa kinamsumbua. Baba yake Skolastika alipofariki, kuna mtu alimpigia simu akamwambia palepale, akiwa sokoni Mbala, peke yake. Alianguka katikati ya watu asiowajua, wakamwokota. Mama yake hakuisahau aibu ile wala uchungu ule. Katika siku zake za mwisho alimshika ndugu yake mkono na kumwambia: siku yangu ikifika, mwanangu asiambiwe barabarani. Aambiwe nyumbani, mkiwa mmemshika.

"Ni neno moja tu aliloniachia," alisema Mzee Dismas. "Moja tu."

Nililiondoa tangazo hewani. Lakini kuliondoa hewani ni rahisi, kulitoa vichwani mwa waliokwisha kulisoma hakuwezekani. Rambirambi zilikuwa zinaingia kwenye ukurasa wa salamu, kwenye habari za maharage, popote palipo na nafasi ya kuandika. Na tayari magrupu ya simu yalikuwa yamelibeba. Nilitumaini jambo moja, kwamba mtu aliye kwenye safari na mtoto mgongoni huenda hajafungua simu yake asubuhi hiyo. Ila angefika Kasesya, mpakani, na pale wasafiri husubiri gari lijae. Mtu anayesubiri hufanya nini? Hutoa simu.

Basi nikaizima tovuti yote, mchana kweupe. Mahali pa kila kitu nikaweka ukurasa mmoja mweupe wenye maneno haya: "Tumefunga kwa muda. Mwenye neno alitunze mpaka mgeni afike." Sikutaja jina. Sikuwa na uhakika kama kuna atakayeelewa. Nikampigia Bwana Nassoro huko Mbeya kumwambia nimelifunga duka. Akasema, "Kwa msiba? Halali."

Kisha nikakaa nikisubiri simu za lawama. Tovuti ikizimika, mnajua wenyewe, watu hupiga kama nyumba inaungua. Siku ile haikulia hata moja. Nikafungua magrupu ya simu, yale ambayo asubuhi yalijaa mishumaa na misalaba. Mishumaa ilikuwa imefutwa. Mtu mmoja Lusaka alikuwa amenakili maneno yangu bila kuongeza neno, mwingine Dar akayapeleka mbele, na baada yao mazungumzo yamegeuka. Watu walikuwa wanabishana kuhusu mpira. Walibishana vibaya, bila moyo, kama watu wanaosoma maneno waliyoandikiwa, lakini walibishana. Miaka yote nilidhani najua tovuti yetu ina wasomaji wa namna gani.

Habari za Kasesya nilizipata baadaye kwa waliokuwepo. Kijana wa bodaboda alimtambua Skolastika, maana alikuwa amemvusha mara nyingi. Akawaonya wenzake kwa macho. Mama mmoja anayebadilisha fedha alimwita akae kwenye benchi lake, akamchukua mtoto, akamnunulia chai na maandazi, akamsimulia kesi ndefu ya mbuzi wa jirani isiyo na kichwa wala miguu. Skolastika alipotoa simu, bodaboda yule akamwambia, "Dada, leo usijisumbue, mtandao umekufa huku kwetu." Na wote waliokuwa pale, wakiwa wanaperuzi, wakaziweka simu zao mifukoni. Ndani ya gari, njia nzima kupitia Matai, abiria walizungumzia mvua, shule, mbolea. Wengi wao walikuwa wameshalisoma tangazo. Mmoja aliniambia alitazama dirishani safari yote kwa sababu alijua akimtazama usoni atalia.

Mimi nilikwenda msibani na Mzee Dismas, yeye mbele kwa baiskeli yake, mimi nyuma kwa pikipiki ya kukodi, tukimfuata taratibu kwa heshima mpaka dereva wangu akapiga miayo. Nilichokikuta sitakisahau. Uani palikuwa na umati, na hapakuwa na msiba. Turubai lilikuwa limeshushwa na kukunjwa nyuma ya jiko. Wanawake waliokuwa wakilia tangu alfajiri walikuwa wamenawa nyuso, wanachambua maharage, wanaulizana habari za watoto. Wanaume wamekaa makundi makundi kama wamekuja kuzungumzia mpaka wa shamba. Hata watoto walikuwa wameambiwa, na walikuwa wanacheza kwa utiifu ambao watoto hawana. Ndani, marehemu alikuwa amelazwa, na mlango umefungwa.

Akaingia. Mwanamke mwembamba, kitenge cha buluu, mtoto mgongoni. Alisalimia wote, mmoja mmoja, na wote waliitikia. Shangazi yake alimpokea mtoto kwanza. Akampa Skolastika maji, akanywa. Akamketisha kwenye mkeka, wanawake wakasogea wakakaa karibu, mabega kwa mabega. Mzee Dismas akapiga magoti mbele yake, mzee mzima, akamshika mikono yote miwili.

"Mwanangu," alisema, "mama yako ametutoka. Amefia nyumbani, kitandani kwake. Alikutaja."

Hapo ndipo uani palipolia. Kile kilio kilichozuiwa na ukuta wa watu tangu asubuhi, kutoka Lusaka mpaka Kaengesa, kilitoka kwa pamoja, na yeye katikati yake akiwa ameshikwa kila upande. Nililia kwa sauti. Nilikuwa nalia msiba, na nilikuwa nalia kwa kustaajabu pia, kwamba watu wengi namna ile, wengine hawajuani, wanaweza kukaa na neno moja kinywani siku nzima kwa ajili ya mtu mmoja, na lisianguke.

Niliiwasha tovuti baada ya mazishi. Lile tangazo sikulirudisha. Nililiacha kwenye nakala, maana niliona kazi yake imekwisha.

Skolastika alikuja ofisini Mazwi siku aliyokuwa anarudi kwa mumewe. Alibisha hodi, akanipa shikamoo, akakaa pale ambapo mjomba wake alikuwa amekaa. Mtoto alishika panya ya kompyuta akaitia mdomoni.

"Mama, nimekuja kuomba lile tangazo," alisema.

"Tangazo lipi, mwanangu?"

"La mama. Lenye picha ya gauni la maua. Mbona hujalirudisha?"

Nilimtazama. Picha ile ilikaa hewani asubuhi moja tu.

"Umeliona wapi?"

"Mbala, stendi. Nilifungua kusalimia, kama kawaida yangu. Ndipo nikampigia mjomba."

Nikakumbuka ile sauti kwenye simu, tulivu, "Sawa, mjomba, nakuja."

"Ulijua? Njia yote ile ulijua?"

"Nilijua." Alimtoa mtoto panya mdomoni, akaifuta kwa kanga. "Nilipiga nikitaka aniambie. Akasema mama amepumzika. Sauti yake ilikuwa inatetemeka, mama. Nikasema, huyu mzee anatekeleza kitu. Basi nikapanda gari. Kasesya yule mama akanisimulia habari za mbuzi, na kikombe kinamcheza mkononi. Nikamuuliza mbuzi alikuwa wa rangi gani, apate cha kuendelea nacho. Kwenye gari kuna baba mmoja alitazama nje mpaka shingo ikamkakamaa. Ningewezaje kuwaambia najua?"

"Na kulia?"

"Nililitunza. Nilichungulia simu garini, nikaona ulivyotuambia tulitunze."

Nilifuta macho. Yeye hakuwa analia. Alikuwa anatazama kioo.

"Kusoma nilisoma, mama. Lakini yeye alitaka niambiwe, na niambiwe nyumbani. Sasa lirudishe. Nimeshaambiwa."

Nikalitafuta kwenye nakala, nikaliweka hewani, nikamgeuzia kioo. Akamweka mtoto vizuri pajani, akaanza kusoma rambirambi kwa sauti kutoka juu kabisa, jina baada ya jina, na mimi nikainuka nikafunga mlango ili upepo usimsumbue.